Maji ya mlima ule yanapita wapi?

Saa kumi jioni, Matema, ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Watoto wamevua viatu kabla sijazima gari. Mke wangu ananyoosha mgongo, amefumba macho, anapigwa na upepo. Mimi nimebeba begi la hema begani kama nahodha aliyetwaa kombe. Nakwenda moja kwa moja mchangani, nachagua mahali kwa macho tu, nalibwaga. Mlango utatazama maji. Asubuhi tukifungua zipu tutakutana na ziwa, na milima ya Livingstone iliyochovya miguu ndani yake.

Nikageuka nimwonyeshe Mama.

Mama hakuwa akitazama ziwa. Alisimama chini ya mwembe, mkoba kwapani, ziwa kalipa kisogo, anaitazama milima.

"Baba," akaniita, "maji ya mlima ule yakishuka, yanapita wapi?"

Nikacheka. "Mama, huu mwezi wa sita. Mvua zimekwisha."

"Sijakuuliza mwezi."

Nikapiga hema palepale.

Niseme mapema ili usisome huku unasubiri mafuriko: mvua haikunyesha. Usiku ule halikudondoka hata tone. Tulirudi Dar salama, picha ni nzuri, watoto bado wanaisimulia safari ile shuleni. Lakini swali la Mama nimekaa nalo wiki nyingi. Linanijia nikiwa kwenye foleni ya Tabata, nikiwa naoga, nikiwa katikati ya kikao. Na kadiri ninavyolikalia ndivyo ninavyoona kwamba mambo yote niliyodhani nayajua kuhusu kuchagua kambi, niliyajua kwa upande mmoja tu.

Daftari

Mimi ni mtu wa daftari. Kabla ya safari nilichukua wiki tatu nikipima. Kigamboni tumekwishaizoea, watoto wanaiona kama uani kwao. Safari hii nilitaka ziwa, na nilitaka mlima, na nilitaka vyote viwili vionekane kutoka mlango mmoja wa hema. Tamaa, najua.

Ziwa Chala, kule Rombo, nililipenda mno kwenye picha. Lakini maji yake yako chini ndani ya kreta, na njia ya kuyafikia ni mteremko mkali. Mama ana miaka 68 na magoti yake yana miaka 80. Duluti, karibu na Arusha, ni pazuri kwa usiku mmoja, kaziwa kadogo kenye msitu pembeni, ila kwa safari ya juma zima watoto wangeniuliza kesho yake tunafanya nini. Natron si ziwa la kuoga. Maji yale ni ya magadi, na joto lake unalisikia kwenye meno. Hifadhi za taifa nazo zina kambi zake, za kawaida na zile maalumu ambapo mnakaa peke yenu, na sisi raia tunalipa kwa shilingi, nafuu kabisa ukilinganisha na wageni. Lakini kambi nyingi za hifadhini hazina uzio. Pale kambi ya Simba, kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, tembo huja kunywa maji kwenye tangi la kambi. Kwangu hiyo ni hadithi tamu. Kwa mtoto wa miaka minne anayeamka usiku kwenda chooni, si hadithi.

Basi Matema. Kutoka Dar mpaka Mbeya pekee ni zaidi ya kilomita 800, halafu unakata Uyole, unashuka Tukuyu kwenye migomba na chai, unaingia Kyela kwenye mpunga na kokoa. Tulilala njiani, Iringa.

Kwenye daftari niliandika: choo umbali gani, maji ya bomba yapo, gari linafika hadi penye hema, kivuli, ulinzi usiku, duka. Kila kitu kilipata alama. Sikuwa na mstari wa "Mama anataka nini". Niliona nimemwingiza tayari kwenye mstari wa choo.

Mchanga haushiki

Somo la kwanza la ziwani nilipewa na mvuvi, naye alinipa huku akinicheka.

Vigingi vya hema vimetengenezwa kwa ajili ya udongo. Ukivichomeka kwenye mchanga mkavu vinaingia kama kisu kwenye embe bivu, na vinatoka hivyohivyo. Saa kumi na moja upepo wa ziwani ukaongezeka. Kusini mwa ziwa hakuna kizuizi. Kuanzia Mei hadi Agosti unavuma ule upepo ambao wavuvi wa Nyasa wanauita mwera, ndugu wa kusi yetu ya pwani, na ukifika ncha ya kaskazini unakuwa umesukuma maji ya ziwa zima. Hema letu likajaa upepo, likainua upande mmoja, likataka kuondoka na godoro.

Yule mvuvi alikuja na viroba vinne vitupu. Akavijaza mchanga, akafunga kamba ya hema katikati ya kila kiroba, akachimba mashimo ya kina cha mkono, akavizika na kuvikanyaga. "Sasa vuta," akaniambia. Nilivuta mpaka mgongo ukalia. Havikutikisika.

Tangu siku hiyo viroba vinane vinakaa chini ya siti ya gari langu. Mke wangu anasema ninafanana na muuza mkaa.

Kuhusu kuoga, nitasema haraka kwa sababu watu hupenda kuliruka. Kichocho kipo Nyasa kama kilivyo Victoria. Konokono wanaokibeba mara nyingi hupenda maji yaliyotulia yenye matete na majani, lakini Nyasa wamo hata wanaoishi kwenye mchanga wa ufukwe wazi, kwa hiyo ufukwe wa mchanga mtupu usikudanganye kwamba ni salama. Ukirudi nyumbani, pima baada ya wiki sita hadi nane. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa, ukiinywa siku ya pili haikusaidii kitu. Na midomo ya mito usiisogelee. Pale Mto Lufilyo unapoingia ziwani kuna mamba, na wenyeji watakwambia bila kuulizwa.

Mama hakuoga. Alikaa chini ya mwembe wake akichambua mchele wa Kyela alioununua njiani, na kila baada ya muda akainua macho kuitazama milima.

Saa tisa usiku

Kabla ya kulala aliniomba kitu kimoja. "Funguo ya gari uache kwangu."

Nilidhani anataka kuchukua dawa zake.

Saa tisa usiku kitinda mimba wetu akaniamsha, anataka kukojoa. Nilipotoka naye nikaona taa ndogo ndani ya gari letu, Noah. Mama alikuwa ameketi siti ya mbele, wima, mtandio kichwani, mkoba mapajani. Hakuwa amelala. Gari alikuwa amelifunga kwa ndani.

Nikagonga kioo. Akashusha kidogo.

"Mama, vipi? Hema lina baridi?"

"Hapana. Nimekaa vizuri tu hapa. Mrudishe mtoto asipigwe na upepo."

Najua kilichomo kwenye mkoba ule. Ni mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili, ndani yake vyeti vya kuzaliwa, kadi ya mpiga kura, hati ya kiwanja, picha mbili za marehemu baba. Mkoba huo huenda naye sokoni, huenda naye msibani, huenda naye mpaka chooni. Tangu Desemba 2011.

Nikarudi kulala. Hiyo ndiyo sehemu ninayoona aibu kuiandika: nilirudi, na nililala.

Mabwepande

Wa Dar hawahitaji kukumbushwa mvua zile. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haijaonekana mvua ya namna hiyo tangu 1954. Bonde la Msimbazi lilijaa, watu wapatao 40 walikufa, na sisi tulikuwa na vyumba viwili Jangwani. Baadhi ya walionusurika walipelekwa Mabwepande, mbele ya Bunju, wakapewa viwanja ambavyo vilikuwa bado vichaka, na mahema ya kuishi humo wakati wakijipanga.

Mama aliishi ndani ya hema. Yeye na mdogo wangu.

Mimi nilikuwa chuo, Dodoma. Nilikuja kuwaona mara moja, Pasaka ya 2012, katikati ya masika. Hema lilikuwa jeupe lililogeuka kahawia kuanzia magotini kwenda chini. Mama alikuwa amechimba mfereji kulizunguka, wa upana wa jembe moja, akauelekeza bondeni, na alinionyesha mfereji ule kwa fahari kama mtu anayekuonyesha sebule. Alipika wali na maharage. Jioni ikafika. Nikamwambia basi langu linaondoka Ubungo alfajiri, kwa hiyo ni bora nikalale kwa rafiki yangu Kimara, niwe karibu na stendi.

"Sawa, baba. Wahi, usije ukakosa daladala."

Basi langu lilikuwa kesho yake saa sita mchana.

Usiku ule mvua ilinyesha. Niliisikia juu ya bati la Kimara, nikavuta shuka.

Sijawahi kumwambia mtu. Mke wangu ataisoma hapa kwa mara ya kwanza.

Lori

Asubuhi ya pili Matema likaingia lori. Wale Wajerumani wastaafu wanaokata Afrika kutoka juu mpaka chini na nyumba yao mgongoni: vitanda, jiko, tangi la maji, paneli za sola juu. Watoto wangu walisahau ziwa.

Nilitegemea wataliingiza mpaka mchangani, maana gari kama lile linaweza. Badala yake mzee alisimama langoni, injini ikinguruma, na mkewe akashuka. Mama mtu mzima, kaptula na kofia. Alitembea. Alitembea eneo zima kwa miguu, karibu nusu saa. Akatazama juu kwenye matawi, kwa sababu paa la lori linazidi mita tatu na tawi la mwembe halina huruma na paneli. Akapiga kisigino ardhini kila baada ya hatua kadhaa. Akafika kwenye kivuli kizuri kuliko vyote, akainama, akachota udongo, akaufinyanga kiganjani, akautupa. Mwishowe akachagua mahali palipoinuka nyuma kabisa, karibu na barabara, pasipo na mandhari yoyote. Lori likaingia kwa kurudi nyuma, pua ikielekea langoni.

"Yule mama ana akili," Mama akasema. Hakuwa amesema mengi tangu jana.

Nilikwenda kuongea na mzee yule kwa Kiingereza changu na chake. Alinieleza kwamba lori la tani kadhaa likizama kwenye udongo laini, kijiji kizima hakilitoi. Wao hutafuta mambo matatu tu: ardhi ngumu, ardhi iliyo sawa, na njia ya kutoka bila kugeuza. Usawa si anasa. Kitanda kikiinama unaamka damu imekujaa kichwani, na friji za gesi hazipendi kulazwa upande. Wana vipande vya mbao vya kuweka chini ya magurudumu. Sisi wenye hema la juu ya gari, au tunaopanga kung'oa siti za nyuma za Noah tulaze godoro (nimo kwenye kundi hili, usinicheke), tuna tabu hiyohiyo kwa udogo. Na moja zaidi ambayo hakuna muuzaji atakayekwambia: gari likishakuwa chumba chako, huwezi kwenda dukani kununua nyanya bila kukunja nyumba. Kwa familia yenye watoto, hema la chini bado linashinda. Gari linabaki huru.

Gari linabaki huru. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari siku hiyo kama ushauri wa vifaa.

Simu

Tulivyorudi, nikaanza kuyasoma yale niliyopaswa kuyasoma kabla. Kyela ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Milima ile imesimama karibu kabisa na ufukwe. Maji yake hayana safari ndefu ya kupunguza hasira. Swali la Mama halikuwa woga wa mtu aliyeumia. Lilikuwa swali sahihi, lililoulizwa na mtu pekee kati yetu aliyewahi kuishi kwenye hema.

Mimi nimelala kwenye hema labda siku 30 maisha yangu yote, na kila siku nimelipia. Yeye alilala miezi.

Nilisitasita kumpigia. Unaanzaje? Siku moja nimekwama Barabara ya Morogoro, mwendokasi umesimama juu ya bonde palepale Jangwani, nikapiga bila kujipanga.

"Mama, kule Matema. Kwa nini ulikaa kwenye gari?"

Kimya. Nikasikia kuku wake wa Mabwepande.

"Hapo pazuri," akasema. "Sikuona ubaya. Ila kule hatukuwa na funguo."

Nilisubiri aendelee. Akaniuliza kama watoto wamekwenda shule.

Nimelifikiria jibu lile kuliko lile swali. Sisi tunaokwenda kambini kwa hiari tunabishana juu ya mandhari, choo na bei, na wala hatuoni kwamba kuna kitu tumekibeba mfukoni kinachofanya hema liwe mchezo. Ukichoka, unawasha gari. Nilipokuwa Pasaka ile, nami nilikuwa na kitu cha namna hiyo. Nauli ya daladala mpaka Kimara.

Nikampigia tena jioni. "Mama, Nane Nane imeangukia Ijumaa. Tunakwenda Lushoto. Nataka uje uchague wewe pa kupiga hema."

"Mimi hema silali."

"Usilale. Uchague tu."

"Kuna baridi huko."

"Ipo."

Akaja na masweta matatu.

Mama anachagua

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, Bagamoyo, Msata, Segera, Korogwe, mpaka Mombo, halafu ule mpando wa kona hadi juu. Lushoto iko mita zipatazo 1,400, na kila mita 100 unazopanda joto hupungua kwa zaidi ya nusu nyuzi. Piga hesabu mwenyewe, ukiwa na mwili wa Tabata uliozoea feni. Soni tulisimama kuona maporomoko. Mama alitazama maji yakidondoka kwa muda mrefu, kisha akasema, "Angalau haya yanajulikana yanakwenda wapi."

Kambi tuliyofikia ina majani ya kijani mpaka chini kwenye kijito. Pale chini, tambarare, laini, sauti ya maji, ndipo ningepiga hema mimi. Ndipo ungepiga hata wewe. Nilikaa kimya, nikakunja mikono.

Mama alivua viatu. Alianzia chini, palepale nilipopatamani. Akafika kwenye uzio wa waya unaokata upande mmoja, akasimama, akaniita. Kwenye waya, usawa wa goti, kulikuwa na nyasi kavu na vijiti vilivyojiviringisha, vyote vimeelekea upande mmoja.

"Hizi nani kazitundika?"

Mlinzi akajibu kabla yangu: "Ni masika, bibi. Kijito kilitoka."

Mama akapanda juu. Akatazama mashina ya miti: wapi yana tope kavu, wapi mizizi imeachwa wazi kwa sababu udongo umekwenda. Akaona vijifereji vya mchanga mwembamba kwenye majani, vimejichora kama vidole. Akanionyesha kwamba pale maji hupita hata mvua ikiwa ndogo. Akakataa chini ya mkaratusi. Hilo nilikuwa nalijua na nilifurahi kulijua, mti ule huangusha matawi makubwa hata siku isiyo na upepo, lakini yeye hakuwa na habari na matawi. "Chini yake hakuoti kitu," akasema. "Mimi silazi wajukuu pasipoota kitu."

Mlinzi akawa ameshapendezwa, anatufuata na fimbo yake. Akaongeza la kwake: kule chini baridi ya usiku hukusanyika. Hewa ya baridi ni nzito, hutambaa kwenye mteremko na kujaa bondeni. Asubuhi nyasi za kijitoni huwa zimelowa umande chapachapa wakati za juu zimekauka. Mama akamtazama kama mtu aliyekutana na ndugu.

"Kumbe na baridi ina njia yake."

Alichagua tuta la katikati. Si juu kabisa penye upepo, si chini. Linaelekea mashariki, jua linafika mapema. Nyuma yake kuna ukingo uliopandwa majani ya tembo, pembeni njia ya gari. Choo kiko hatua 40. Alizihesabu mara mbili, mara ya pili akiwa amemshika mkono mtoto, kwa hatua za mtoto. Bonde halionekani kutoka pale. Mlango wa hema ulitazama ukuta wa jiko la kambi.

Watoto walilalamika. Mimi pia, moyoni. Umbali ule wote mtu anakwenda Lushoto ili aone Irente, lile genge linaloporomoka mpaka tambarare za chini, siyo ukuta wa jiko. Tulikwenda Irente kesho yake kwa gari, tukaona, tukawashika watoto kola za mashati, tukarudi. Mandhari unaweza kuyaendea. Hili sikuwahi kuliwaza. Siku zote niliamini lazima niamke nayo.

Mama alichukua chumba, chenye bati na kitanda cha mbao. Ufunguo wa gari nilimpa bila kuombwa. Akautazama, akaunirudishia. "Nina wa chumba," akasema.

Usiku baridi ilitupiga sawasawa. Kosa langu: nilifunga hema kila tundu nikidhani nazuia baridi, pumzi za watu wanne zikageuka maji, paa likatudondokea kuanzia saa kumi. Ukilala milimani acha kidirisha cha juu wazi, hata kama roho inakataa. Na chini ya godoro tandika kitu, baridi ya ardhini ndiyo mbaya kuliko ya hewani.

Alfajiri nikasikia ndara nje. Mama, na chupa ya chai. Hakugonga. Kupitia wavu nilimwona anainama kwa shida, mkono mmoja kwenye goti. Akapitisha kiganja chini ya sakafu ya hema, upande wa mlimani, akakitoa, akakitazama. Akakifuta kwenye kanga. Akazunguka upande wa pili akafanya hivyohivyo.

Sikutoka. Nilijifanya nimelala, mtu wa miaka 36, mpaka alipomaliza.

Segera

Tukirudi tulisimama Segera kununua machungwa. Watoto walikuwa wamelala nyuma, mke wangu naye. Mama alikaa mbele na mimi, mkoba mapajani, anamenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda likitoka kipande kimoja kirefu. Akanikatia nusu.

Tulipita Manga hatujasema neno.

"Yule rafiki yako wa Kimara," akasema, "bado yupo?"

Nikaminya usukani. "Yupo, Mama."

"Nyumba yake ilikuwa ya bati?"

"Ya bati."

Akatafuna, akatema mbegu kiganjani, akazifungia kwenye ganda ili asichafue gari.

"Msalimie," akasema.